Barua ya wazi kwa viongozi wa riadha: zidaieni mbio za nyika za kupokezana, wanaume na wanawake timu moja

Kwa: Waheshimiwa viongozi wa riadha na wa kamati za Olimpiki, hapa nchini, barani Afrika na duniani

Kutoka: Mwalimu wa michezo, Dodoma

YAH: KUINGIZWA KWA MBIO ZA NYIKA ZA KUPOKEZANA ZA TIMU MCHANGANYIKO KWENYE MICHEZO YA OLIMPIKI

Waheshimiwa,

Mbukwenyi, ndiyo salamu yetu ya Kigogo huku Dodoma. Tafadhali husikeni na somo hapo juu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu barua za ofisini hazikujibiwa. Nilianza kama utaratibu unavyotaka: nikaandika kupitia kwa mkuu wa shule, barua ikapigwa mhuri, ikapelekwa kwenye ofisi inayohusika. Nikafuatilia. Nikaambiwa faili liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko safarini. Baadaye, kwenye kikao cha makocha, niliponyoosha mkono kulizungumzia jambo hili, nikajibiwa kwamba programu ya Olimpiki inapangwa Ulaya, kazi yetu sisi ni kuandaa wakimbiaji. Kikao kikaendelea na ajenda ya jezi. Sikulikubali jibu lile siku hiyo na silikubali leo.

Ninachoomba ni kimoja. Mbio za nyika za kupokezana, timu moja yenye wanaume na wanawake, ziingie kwenye Michezo ya Olimpiki, lengo likiwa Brisbane 2032, na ninyi viongozi wetu muwe mstari wa mbele kuzidai, msisubiri wengine wazidai kwanza.

Kwa wasiowahi kuziona, ziko hivi. Wanaume wawili na wanawake wawili wa nchi moja. Kila mmoja anakimbia mzunguko wa kama kilomita 2 kwenye nyasi, matope na vilima, kisha anampokeza mwenzake. Hakuna mshindi binafsi. Timu inashinda au inashindwa pamoja, na yote yanakwisha ndani ya nusu saa. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika zilianza mwaka 2017, na zilianzia hapa jirani, Kampala, kwenye viwanja vya Kololo. Kenya walishinda kwa dakika 22 na sekunde 22, Ethiopia wakafuata. Kwenye kikosi kile cha Kenya alikuwemo Beatrice Chepkoech, ambaye mwaka uliofuata, huko Monaco, aliweka rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, 8:44.32. Aarhus 2019 wakachukua Ethiopia. Bathurst 2023 na Belgrade 2024 wakachukua Kenya. Kwenye timu ya Bathurst alikuwemo kijana Emmanuel Wanyonyi. Mwaka mmoja baadaye akawa bingwa wa Olimpiki wa mita 800 jijini Paris.

Kwa hiyo siombi kitu cha kubuni. Mchezo upo, sheria zake zipo, umechezwa kwenye mabara kadhaa, na hadi mwaka 2024 Afrika Mashariki ndiyo iliyoongoza. Kwenye Olimpiki haupo. Hoja zangu ni hizi.

1. Nyika iliondolewa Olimpiki kwa sababu ambayo leo haipo.

Mara ya mwisho mbio za nyika kukimbiwa kwenye Olimpiki ilikuwa Paris, mwaka 1924. Zilikimbiwa Julai, mchana wa joto kali, umbali wa zaidi ya kilomita 10. Walianza wanaume 38, wakamaliza 15. Wengine walianguka njiani, wengine wakabebwa. Paavo Nurmi wa Finland alimaliza wa kwanza, lakini picha iliyobaki vichwani mwa wakubwa wa wakati ule ilikuwa ya watu waliozimia, na nyika ikafutwa. Imepita zaidi ya karne moja.

Mtu anayefundisha watoto kukimbia Dodoma anajua joto ni nini. Hatukimbizi watoto saa saba mchana. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachomoza sawasawa, au tunasubiri saa kumi na moja jioni. Kosa la 1924 lilikuwa la saa na la umbali. Leo mizunguko ni ya kilomita 2, kuna madaktari, kuna maji, kuna vipimo vya joto, na marathoni ya kilomita 42 inakimbiwa kwenye Olimpiki hizohizo za majira ya joto bila mtu kudai ifutwe. Na kwenye Olimpiki ya Vijana ya Buenos Aires mwaka 2018, wakimbiaji wa mbio za kati na ndefu walikimbizwa nyika kama sehemu ya mashindano yao. Yaliwezekana.

2. Mlango uliofunguliwa kwa wengine, kwa nyika ulifungwa.

Hapa ndipo naomba msome polepole. Shirikisho la Riadha la Dunia lenyewe lilipendekeza mbio za nyika za kupokezana za timu mchanganyiko ziingie Paris 2024. Pendekezo lilikuwa la timu 15, kila timu mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wakipokezana kwa zamu, kila mmoja akikimbia mara mbili. Desemba 2020 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalikataa.

Sasa angalieni kilichotokea kwenye Olimpiki ileile. Mbio za kutembea za wanaume za kilomita 50 ziliondolewa, na mahali pake yakawekwa matembezi ya kupokezana ya timu mchanganyiko kwa umbali wa marathoni: mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa nchi moja, wakipokezana kwa zamu, kila mmoja akitembea mara mbili. Hispania wakashinda dhahabu tarehe 7 Agosti 2024 kupitia Álvaro Martín na María Pérez. Nawapongeza, walistahili. Ila mpangilio wa timu ni uleule uliokataliwa kwa wakimbiaji wa nyika. Nani alisimama kwa niaba yetu kuuliza kwa nini? Kiongozi gani wa Afrika Mashariki alizungumza hadharani siku ile? Mimi nilitafuta kwenye magazeti yetu, sikuona.

Na Kamati ya Kimataifa haina shida na timu mchanganyiko. Kwenye Olimpiki ya Tokyo walianza na mbio za kupokezana za mita 400 mara nne mchanganyiko kwenye riadha, wakaweka kupokezana mchanganyiko kwenye kuogelea na kwenye triathloni. Aprili 2025 wakapitisha mita 100 mara nne mchanganyiko kwa ajili ya Los Angeles 2028. Kila Olimpiki wanaongeza. Wanaongeza yale yanayodaiwa na wenye sauti.

3. Mbio mchanganyiko za uwanjani hazitutoshi.

Nitaambiwa: si tayari kuna mita 400 mara nne? Ipo, na naipenda. Naikumbuka Poland ilivyochukua dhahabu Tokyo, na Jamhuri ya Dominika ilivyochukua fedha siku hiyo na mwaka uliofuata ikachukua dhahabu ya dunia huko Oregon. Nchi ile haina utitiri wa wakimbiaji kama Marekani. Ilikuwa na wanaume wawili na wanawake wawili wazuri, basi, na hao wakatosha. Mmoja wao, Marileidy Paulino, sasa ni bingwa wa Olimpiki wa mita 400. Hiyo ndiyo faida kubwa ya timu mchanganyiko kwa nchi ndogo: unahitaji watu wanne tu, na mmoja wao akiwa wa kiwango cha dunia anawanyanyua wenzake watatu.

Lakini mita 400 zinahitaji uwanja wenye njia, zinahitaji spaiki (viatu vya misumari), chumba cha mazoezi ya nguvu, na kocha anayejua mbio fupi. Shule nyingi za huku kwetu, Chamwino, Bahi, Kondoa, Mpwapwa, zina kiwanja cha mpira chenye magoli mawili ya miti na mistari ya chokaa inayofutwa na mvua ya kwanza. Historia yetu pia si ya mbio fupi. Medali mbili za Olimpiki tulizonazo, zote za fedha, zote za Moscow 1980, ni za Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji na Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Huko ndiko miguu yetu iliko. Kwa nyika tuna ardhi, tuna vilima, tuna mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na tuna watoto wanaokwenda shule kwa mwendo wa kukimbia.

4. Wasichana wetu.

Hoja hii ndiyo iliyonifanya niandike, na nitakaa hapa kidogo.

Kwenye mbio za nyika za kawaida, timu inahesabiwa kwa nafasi za wakimbiaji wake. Kwenye mashindano ya dunia nchi inapeleka hadi sita na wanne wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Mfumo huu ukiuleta kwenye shule ya kata, unaua timu ya wasichana. Wavulana sita wanapatikana kabla ya kengele ya saa nne. Wasichana sita walio tayari kukimbia kila jioni hawapatikani. Huyu mama yake anajifungua, yule anapika kwa mjomba, mwingine nyumbani wamesema kukimbia na kaptula ni uhuni. Unabaki na wawili. Wawili wazuri kweli, lakini wawili hawahesabiki kama timu. Kwa hiyo fomu inajazwa "wavulana" peke yake, nauli inaombwa ya wavulana peke yao, na wale wasichana wawili wanabaki kushangilia. Nimeijaza fomu hiyo kwa mkono wangu, na nimeona wenzangu wa shule jirani wakiijaza vilevile.

Kwa hiyo shuleni kwetu tukaanzisha mashindano yetu wenyewe ya kupokezana. Njia inaanzia kwenye mkwaju ulio nyuma ya bwalo, inashuka korongo la mchanga, inazunguka mbuyu, inapanda kilima na kurudi. Kijiti kilikuwa kinatupwa na kupotelea kwenye majani, tukakiacha. Sasa anayefika anampiga mwenzake kiganja ndani ya mita 20 tulizochora kwa chokaa. Mpangilio ni mvulana, msichana, mvulana, msichana. Anayemalizia ni msichana.

Kilichofuata sikukitarajia. Jioni moja wavulana wawili wa kidato cha tatu walinifuata ofisini, wameshika daftari wanaloandikia muda. Wakaniambia msichana wa timu yao hajaja mazoezini siku kadhaa, na wamechunguza sababu. Yuko kwenye foleni ya maji kisimani hadi giza linaingia. Hawakuja kushtaki. Walikuwa wameshakubaliana kwenda kwa zamu na baiskeli kumbebea madumu ili yeye awahi mazoezi. Walichotaka kwangu ni ruhusa ya kutoka nusu saa mapema. Mimi ni mwalimu wa miaka mingi na nimeshahubiri sana kuhusu usawa kwenye paredi. Paredi haikuwahi kumfanya mvulana yeyote abebe dumu la msichana. Mbio zile zilifanya hivyo, kwa sababu muda wa yule msichana ulikuwa muda wao wote.

Baba yake, ambaye awali hakutaka kusikia, alikuja siku ya mashindano ya kata. Alisimama kwenye mstari wa mwisho, binti yake alipopokea akiwa wa tatu na kuingia wa kwanza, akawa anawaambia watu waliosimama karibu naye, "Huyo wangu." Simtaji jina, ni mtu wa faragha. Ila msichana huyo ana umri wa kidato cha pili, na mtu akimuuliza anataka kufika wapi na mbio hizi, mimi mwalimu wake sina pa kumwonyesha. Tanzania haijawahi kuwa na mwanamke aliyepata medali ya Olimpiki. Hata mmoja, tangu tuanze kushiriki. Mchezo ambao nusu ya timu lazima iwe wanawake ni mchezo ambao nchi haiwezi kuucheza bila kuwaandaa wanawake. Shirikisho haliwezi kusema bajeti imetosha wanaume. Kocha hawezi kujaza fomu ya wavulana peke yao.

5. Vijana wetu hawana ngazi ya katikati.

Paris 2024 tulipeleka wakimbiaji wanne: Alphonce Simbu, Gabriel Geay, Magdalena Shauri na Jackline Sakilu. Wanaume wawili, wanawake wawili. Wote wanne marathoni. Hatukuwa na mtu mita 1,500, hatukuwa na mtu mita 5,000.

Tunajivunia marathoni yetu, na sisi watu wa Kanda ya Kati tuna sababu ya ziada, maana Simbu ni mzaliwa wa Singida. Septemba 2025 kule Tokyo alipomaliza kwa saa 2:09:48 na kumshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, akatupa dhahabu ya kwanza ya nchi kwenye Mashindano ya Riadha ya Dunia, hapa watu walitoka barabarani. Lakini kijana wa miaka 18 haanzii marathoni. Akikosa shindano la kilomita 2 au 3 lenye bendera ya taifa mwisho wake, anakimbilia mbio za barabarani za wikendi zenye bahasha, anachoka mapema, anaumia, anaacha. Nimewapoteza hivyo vijana wazuri. Mbio za nyika za kupokezana zinampa wa umri huo mahali pa kusimama.

Najua majibu mtakayotoa, kwa sababu baadhi nimeshapewa.

Mtasema orodha ya Los Angeles imeshafungwa. Ni kweli, ndiyo maana nasema Brisbane. Orodha ya Paris ilipitishwa Desemba 2020, miaka mitatu na nusu hivi kabla ya michezo. Ya Los Angeles ilipitishwa Aprili 2025, miaka mitatu kabla. Kwa mwendo huohuo, orodha ya Brisbane itakuwa inajadiliwa mwaka 2028 na 2029. Hoja isiyokuwa mezani kufikia wakati huo itasubiri tena hadi 2036. Msichana niliyemtaja atakuwa mtu mzima mwenye watoto.

Mtasema nafasi za wanamichezo zina kikomo. Zina kikomo, Los Angeles nafasi za msingi ni 10,500, na wanawake wamepewa 5,333, wengi kuliko wanaume. Lakini mbio hizi zinaweza kukimbiwa na watu ambao tayari wako kwenye kijiji cha wanamichezo cha Olimpiki kwa ajili ya mita 1,500, 5,000 na kuruka viunzi na maji. Hata mwekaji sheria akiamua hivyo, kwamba asiongezwe mtu hata mmoja, bado zinawezekana. Nyasi za bustani moja, siku moja, nusu saa.

Mtasema Kenya na Ethiopia watachukua zote. Belgrade 2024 Uingereza walichukua shaba nyuma yao. Na kila nchi inaingiza timu moja tu, kwa hiyo Kenya hawawezi kujaza jukwaa lote. Mbio za watu wanne zina makosa mengi: mmoja akikosea mwendo, timu nzima inapoteza. Nchi yenye watu wanne waliofundishwa pamoja ina nafasi halisi, tena kubwa kuliko kwenye mita 10,000.

Wapo wanaosema mchanganyiko si haki, mwanamume atamkimbiza mwanamke. Kwenye mita 400 mara nne jambo hilo lilitatuliwa mwaka 2022: mpangilio umewekwa kuwa mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke kwa timu zote. Wanaume wanakimbia na wanaume, wanawake na wanawake. Nyika itumie huohuo.

Na lipo wazo linalosikika la kupeleka nyika kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Rais wa Shirikisho la Riadha la Dunia, Sebastian Coe, amelizungumza hadharani. Nia yake naiona ni njema, anataka Afrika ionekane kule. Ila Mkataba wa Olimpiki unasema michezo ya majira ya baridi ni ile ya kwenye theluji au barafu, na ubishi huo unaweza kula miaka. Sisi tunaomba mahali ambapo wakimbiaji wetu tayari wana tiketi.

Sasa, Waheshimiwa, naomba yafuatayo yafanyike.

Kwanza, shirikisho letu la riadha liandike pendekezo rasmi la kuingiza mbio hizi Brisbane 2032 na kulipeleka kwenye Kongamano la Shirikisho la Riadha la Dunia, ambako sisi kama mwanachama tuna kura sawa na nchi kubwa. Pendekezo hilo lichapishwe ili wananchi walisome.

Pili, viongozi wa riadha na wa kamati za Olimpiki za Tanzania, Kenya, Uganda na Ethiopia wakae pamoja na kutoa tamko moja. Nchi hizi zina mabingwa wa mbio ndefu wa kizazi hadi kizazi. Zikiongea kwa sauti moja, sidhani kama kuna kikao kitakachoweza kuzipuuza. Michezo ya Afrika iwe ya kwanza kuziweka kwenye programu yake, tusisubiri Ulaya watufungulie.

Tatu, na hili halihitaji ruhusa ya mtu yeyote wa nje: mbio za nyika za kupokezana za timu mchanganyiko ziwekwe kwenye mashindano ya taifa ya nyika, na kwenye UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) na UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) kuanzia ngazi ya kata. Gharama yake ni chokaa, filimbi na saa. Tukienda kudai kitu nje ambacho hata watoto wetu hawakichezi rasmi, tutaulizwa swali hilo na tutakosa jibu.

Nne, shule yoyote yenye wasichana wawili iruhusiwe kuingiza timu. Fomu ibadilishwe.

Naomba majibu kwa maandishi, yenye jina na cheo cha anayejibu, kabla ya mashindano yajayo ya UMISSETA ngazi ya mkoa. Kama jibu ni hapana, litajwe na sababu zake, ili tujibizane juu ya sababu hizo. Kama mnataka kuziona mbio zenyewe kabla ya kuamua, njooni Chamwino Jumamosi yoyote ya kipindi cha masomo, saa kumi na mbili asubuhi. Njooni na raba, njia yetu ina mbigili.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa michezo, shule ya sekondari ya kata,
Wilaya ya Chamwino, Dodoma

Nakala: Makocha na walimu wa michezo wa Dodoma na Singida, wazazi wa wakimbiaji